Ukoo wa Nitalia

Zamani, kabla watu wa mlima wetu hawajajua kupekecha moto, hapakuwa na ukoo ulioitwa Nitalia. Moto uliletwa kutoka bondeni ukatunzwa katika nyumba moja, na jiko la mtu likizimika, alikwenda kuomba kaa hapo. Nyumba iliyofiwa ilizima moto wake mara kilio cha kwanza kilipotoka. Na kilio hicho hakikuanzishwa na mwingine ila mama wa marehemu, kama yu hai. Yeye asipolia, hakuna aliyeruhusiwa kudondosha chozi.

Mtunzaji wa moto alikuwa mjane, Nakijwa. Alikuwa na watoto wawili: Mbonea, kijana wa kuoa, na Naetwe, kitinda mimba ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanamtoka.

Mwaka mmoja masika yaligoma kwisha. Kuni zikalowa, majiko yakazimika, baridi ikaanza kuchukua vichanga. Asubuhi moja wanawake wakiwa wamejaa mlangoni kwa Nakijwa na vigae vyao, Naetwe, aliyekuwa na homa siku tatu, alikata roho mapajani mwa mama yake.

Nakijwa alisikia kilio kikimpanda kifuani. Akasikia pia vichanga vikikohoa migongoni mwa mama zao. Akilia, moto utazimwa, na bondeni hakufikiki kwa mafuriko. Akamfunika mwanawe kaniki, akauma meno, akaanza kugawa makaa.

"Mgonjwa aonaje, dada?" waliuliza.

"Amelala."

Wa mwisho alikuwa jirani yake, Namkunda. Huyo hakuridhika. Aliingia, akafunua kaniki.

"Maskini wee! Mbona hulii, dada?"

"Nitalia. Waache wafike na moto kwanza."

Alasiri, kila paa lilipotoa moshi, Nakijwa alimwagia maji jiko lake mwenyewe. Akaketi mkekani ili alie. Kilio hakikuja. Watu wakamzunguka wakingoja, maana nani angethubutu kumtangulia? Naetwe akazikwa kimyakimya kama mtu asiye na kwao. Siku ya saba wakakunja mikeka, wakaenda zao.

"Nitalia," alisema kila alipoulizwa, na miaka ikapita. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe, nao walisema hivyo huku wakiota moto aliowapa. Shukrani ya punda ni mateke. Watoto wa Mbonea walipozaliwa wakaitwa kwa kejeli, "wale wa Nitalia."

Siku ya kufa kwake, Nakijwa alimshika Namkunda mkono.

"Dada, naenda kumkuta mwanangu. Hajaliliwa. Nitamwambia nini?"

Namkunda alitoka uani akapiga yowe: "Naetwe! Naetwe, mwanetu!" Sheria ya mababu ikavunjika hapo. Wanawake wakalipokea yowe nyumba kwa nyumba, na waliomwita jiwe wakalia kuliko wote, kwa aibu. Kama Nakijwa aliwasikia, hakuna ajuaye. Waliporudi ndani alikuwa ameshakwenda.

Na tangu siku hiyo, akifa mtu wa ukoo wa Nitalia, wafiwa hawaanzi kulia. Jirani ndiye huwaanzia, na kabla hajamtaja marehemu, humwita kwanza Naetwe.