Kofia ya Kapteni Mbonea

Sogeeni, mnaosikia vizuri na mnaosikia mnachotaka. Hadithi hii nimeibeba muda mrefu na sijapata pa kuitua, kwa hiyo leo nitawatwika nyinyi. Anayetaka hadithi inayoisha kwa harusi aende kwa jirani.

Walikuwapo watu watatu katika jeshi la akiba, kambi ya Itonya, wote wakisomea urubani. Jeshi la akiba mnalijua: siku za kawaida mtu ana kazi yake mjini, mwisho wa mwezi anavaa gwanda na kwenda kambini, na nchi ikipatwa na jambo anaitwa.

Wa kwanza ni Tumpe, mkunga. Huyu alikuwa na masikio. Aliweza kuinamia tumbo la mama mjamzito, wodi nzima ikipiga kelele, akakwambia moyo wa mtoto unakwenda vipi.

Wa pili ni Shekuwe, askari wa wanyamapori, na yeye alikuwa na macho. Pale ambapo wewe na mimi tungeona kichaka tu, Shekuwe aliona kichaka na chui aliyelala ndani yake.

Wa tatu ni Malongo, dereva wa lori la mafuta. Mtauliza alikuwa na nini. Alikuwa na woga. Msicheke. Ni mtu mzima aliyeweza kusema "naogopa" mbele ya wenzake bila kuona haya, na katika miaka yote ya kuendesha lori lile hakuwahi kuunguza hata tairi.

Pale Itonya mwanafunzi akihitimu huchagua ndege: ya mizigo au helikopta ya uokoaji. Unachagua mara moja. Hakuna kesho kwenda kwa mkuu ukasema nimebadili mawazo, nipe ile nyingine. Ukiitwa, unainua kofia ya urubani ya ndege uliyoitaka, na maisha yako yanakwenda njia hiyo.

Na kulikuwa na desturi moja zaidi. Rubani akifa, kofia yake hairudi stoo. Hukaa kwa mkewe au mama yake mpaka mazishi yapite, kisha mwanamke huyo huja nayo kambini na kumkabidhi mrithi wa kiti kwa mkono wake. Kabla ya hapo kiti kinabaki wazi, hata kama ni mwaka.

Mwaka ule kiti cha helikopta kilikuwa wazi, na wote watatu walikitaka. Lakini hakikuweza kujazwa, na sababu ilikuwa Kapteni Mbonea.

Mbonea alikufa kwenye mafuriko ya Mto Lumesi. Yeye na Meja Kisanga walikuwa wakiokoa watu juu ya mapaa ya nyumba. Helikopta ilipojaa, Mbonea aliona paa moja zaidi, na juu yake mtoto. Alivua kofia yake, akaiacha kitini, akashuka kwa kamba. Kwenye redio aliyovaa kifuani alisema maneno mawili, "Bado mmoja," akampungia Kisanga mkono awapeleke watu wale nchi kavu kisha arudi. Kisanga aliporudi, paa halikuwapo. Hapakuwa na kitu, ni maji tu yanakimbilia korongoni.

Walitafuta wakachoka. Mkewe, Bi Nakijwa, alikataa kukaa matanga. Waliokwenda kumsihi aliwajibu kwa swali moja tu: "Nizike nini?" Kofia aliiweka juu ya kabati, akaifunika kwa khanga.

Basi tangu hapo kila aliyerusha helikopta ile alisikia kitu masikioni. Pangaboi linavuma juu, redio inakwaruza, halafu katikati ya ile mikwaruzo sauti ya mtu aliyechoka inasema: bado mmoja.

Mafundi walibadilisha redio. Wakabadilisha nyaya. Akaitwa mchungaji akaomba, akaitwa shehe akasoma. Sauti ikabaki pale pale. Marubani wakawa wanaisikia na kunyamaza, kwa sababu sisi sote tulikanywa tangu utotoni kuitikia sauti ya usiyemwona. Mama zetu walituonya kwamba ukiitika umekwenda. Kwa hiyo kambi nzima, watu wenye vyeti na nishani, walikaa wakimsikia mwenzao anaita na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Siku moja ya mazoezi walipanda wote watatu pamoja na Meja Kisanga, ambaye sasa ndiye mkufunzi wao. Malongo alikuwa kwenye usukani, meja pembeni yake, Tumpe na Shekuwe nyuma. Walipofika juu ya Lumesi sauti ikaja. Meja akatazama magoti yake, kama alivyofanya siku zote.

Tumpe akabonyeza kitufe cha redio. "Tunakusikia, Kapteni," akasema. "Uko wapi?"

"Umefanya nini wewe?" akauliza meja.

"Nimemwitikia, afande. Mtu akiita anaitikiwa."

Kisha sauti ikarudi, na Tumpe, ambaye aliwahi kutofautisha mioyo ya mapacha ndani ya tumbo moja, akagundua jambo. Pua ya helikopta ilipoelekea korongoni sauti ilikuwa karibu. Ilipogeuka, sauti ilififia. Akasema, "Kushoto. Kushoto kidogo. Hapo hapo. Anatuita tuingie."

Mbele yao korongo lilikuwa limefunguka, na wingu jeusi linashuka juu yake taratibu. Sauti ikawa haikatiki tena. Bado mmoja, bado mmoja. Meja Kisanga alikuwa analia, mtu mzima yule, bila hata kujifuta.

"Ingia," akasema.

Malongo akatazama wingu. "Afande, siingii."

"Hiyo ni amri, Malongo. Nilimwacha mara moja. Simwachi tena."

"Naogopa, afande," Malongo akajibu, akageuza helikopta.

Shekuwe alimwita mwoga mpaka walipotua. Tumpe hakumwita chochote, lakini hakumtazama, na hilo nadhani lilimchoma zaidi. Alasiri ile wingu lilikaa juu ya korongo, mvua ikapiga, upande mmoja wa mlima ukaporomoka pale pale walipotaka kupita. Mngurumo wa maporomoko ulisikika mpaka kambini, na meja akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Kesho yake kulikuwa kweupe. Meja aliendesha mwenyewe, Malongo pembeni yake, Tumpe akimwelekeza kwa kuifuata ile sauti. Maporomoko yalikuwa yameziba mto upande wa juu, na chini yake maji yamepungua, mawe yako wazi ambayo hayajawahi kuonekana tangu mafuriko. Wakapita mara ya kwanza, mara ya pili. Tumpe akasema, "Tuko juu yake kabisa." Lakini wote walichoona ni mawe, matope na mizizi ya mkuyu.

Shekuwe alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, kichwa nje. "Ule si mzizi," akasema. "Ni mkono wa gwanda."

Wakatua kwenye mchanga. Alikuwa yeye. Amekaa kwenye mizizi kama mtu aliyepumzika, na kifua chake kimefungwa kwa mkanda wake mwenyewe. Meja akapiga magoti. Wakaanza kumtoa, na redio kwenye kofia zao ikasema tena, taratibu mno: bado mmoja.

Hapo nywele zikawasimama. Malongo akarudi nyuma. Shekuwe peke yake aliinama, akatazama ndani ya ule mkanda, akavua kofia yake. Chini ya gwanda la kapteni kulikuwa na kagauni ka mtoto, na ndani ya kagauni mifupa midogo. Alikuwa amemfungia kifuani.

Kulikuwa na mama mmoja kule bondeni aliyekuwa akisema kila siku kwamba mwanawe yuko na mtu, hayuko peke yake. Watu walidhani amechanganyikiwa.

Walizikwa siku moja, kaburi kwa kaburi. Bi Nakijwa alikaa matanga yake. Redio ya helikopta ikanyamaza, na mpaka leo inakwaruza tu kama redio yoyote.

Mngedhani wale watatu walipata amani. Tumpe anapomwinamia mama mjamzito husikia pumzi nyingine nyuma ya moyo wa mtoto, na hulazimika kusimama kidogo kabla ya kuendelea. Shekuwe hawezi tena kutazama mizizi. Na Malongo huota akiwa ameshika usukani, mtu anamwita kwa upole, naye anageuza na kuondoka.

Ndipo Bi Nakijwa akaja kambini na kofia mikononi, khanga ameitoa. Meja Kisanga akampokea. "Shemeji," akasema, "kiti ni kimoja na wao ni watatu. Mimi sifai kuchagua. Nilitoa amri ambayo ingewaua."

Bi Nakijwa akawatazama. "Wanangu, kila mmoja aniambie kwa nini anaitaka."

Tumpe akasema, "Mama, aliita mwaka mzima. Nisingemwitikia, angekuwa anaita mpaka leo. Nataka kiti hiki kwa sababu wako wengine watakaoita."

Shekuwe akasema, "Kuitikia ni jambo jema, mama, lakini wenzangu walikuwa juu yake kabisa na hawakumwona. Mtoto naye tungemwacha, tukadhani kazi imekwisha. Watu kwenye mafuriko hawaonekani. Mimi nawaona."

Malongo alikuwa wa mwisho. "Mimi sikumsikia vizuri kuliko wenzangu, wala sikumwona," akasema. "Nilichofanya ni kuwarudisha hawa hai, mama, ili kesho yake wasikie na waone."

"Na ungekuwa wewe siku ile ya mafuriko," Bi Nakijwa akamuuliza, "ungeshuka kwa kamba?"

Malongo akasema kweli: "Sijui, mama."

Bi Nakijwa akaigeuza kofia mikononi. "Mume wangu alikuwa na masikio, na macho alikuwa nayo," akasema. "Woga hakuwa nao. Angekuwa nao kidogo tu, leo angekuwa nyumbani anagombana na mimi kuhusu chumvi." Akavuta pumzi. "Na yule mtoto angekufa peke yake."

Hapo ndipo hadithi yangu iliponikwama. Atakayekosa atarusha ndege ya mizigo, atabeba mahema na magunia ya unga, atazeeka. Atakayepata atakwenda kwenye maji kila mvua ikizidi, na siku moja atafika kwenye lile paa la mwisho, helikopta ikiwa imejaa.

Kuna atakayesema mpe Tumpe, kwani bila yeye hakuna aliyethubutu hata kujibu. Mwingine atasema ni Shekuwe, kwa kuwa kusikia bila kuona ni kuzunguka hewani. Wako watakaonong'ona jina la Malongo, halafu wakumbuke yule mtoto, wasite. Msigombane upesi. Bi Nakijwa yuko mbele ya wale watatu, amekwisha kunyoosha mikono yenye kofia, na hataki kuulizwa tena.

Je, wewe ungeamua vipi? Litaje jina kwa sauti, sote tusikie. Na ukishalitaja, inuka, nenda kwa mama wa huyo uliyemtaja, ukamwambie wewe ndiye uliyemchagua.