Chumba cha Mtu Mmoja Mmoja

Sogeeni. Nina fumbo, na mji wenu sitaki. Nataka jibu.

Paliondokea watu watatu waliotumikia mtambo mmoja miaka minne bila kuonana. Mtambo ulikuwa maabarani, ndani ya chumba chembamba ambamo hatua za mtu wa pili zilitosha kuharibu kipimo. Basi waliingia mmoja mmoja: Lugano asubuhi, Sikudhani mchana, Nakiete jioni. Anayetoka alimwachia anayeingia chupa ya chai na mstari mmoja kwenye daftari, akateremka kabla mwenzake hajapanda. Walijuana kwa mwandiko tu.

Kazi yao ilikuwa kuipiga haidrojeni. Molekuli yake ni atomu mbili zilizoshikana. Ukiirushia elektroni, atomu hizo zinaachana, na mojawapo huweza kutoa mwanga wa urujuanimno inapokwenda zake. Jicho halioni mwanga huo, na hewa huumeza. Walitaka kujua jambo moja: zikiachana, hukimbiana kwa kasi gani?

Lugano alijaliwa masikio. Miezi mitano hewa ilipenya mtamboni, na mafundi walikuja wakaondoka. Yeye alikaa akiisikiliza pampu mpaka akagundua kuwa inabadili sauti kila anapobana nati moja. Akaziba, akaandika: "Haivuji tena." Bila yeye, mwanga usingefika popote.

Sikudhani alijaliwa mkono usiotetemeka. Elektroni zilitawanyika ovyo, naye akazikusanya ziwe mstari mwembamba, akigeuza vifundo kidogo kidogo, mwaka mzima. Hata juma alilomzika mumewe alishika zamu. Siku moja ya juma hilo aliandika: "Chai imepoa, nisamehe." Nakiete akainywa ilivyo, asijue kitu. Bila Sikudhani, atomu zisingeachana.

Nakiete alijaliwa subira, na ukaidi kidogo. Mwanga ulipoonekana kwenye grafu, ulikuja kama kichuguu, mwembamba juu, mpana chini. Mkuu wao, Daktari Mfinanga, akasema, "Huo upana ni uchafu, ufute." Hakufuta. Alirudia kipimo jioni sitini, na upana ukabaki palepale. Ulitoka kwa atomu zilizokimbia kwa kasi kuliko nyingine, maana atomu ikienda mbio, mwanga wake hutanuka kwenye grafu. Bila Nakiete, jibu lingetupwa pamoja na taka.

Daktari akawaita wote siku moja. "Mtambo unahamia kituo kingine, mbali. Ataondoka nao mmoja, yule aliyeleta jibu. Waliobaki, zamu zimekwisha."

Wakasimama kwenye ngazi, wakitazamana kwa mara ya kwanza.

"Kumbe wewe ndiye wa tangawizi nyingi," Sikudhani akamwambia Lugano.

"Ndiye mimi, dada."

"Na ile chai iliyopoa?" akauliza Nakiete.

Sikudhani akamweleza. Nakiete akainamisha kichwa. "Pole, dada. Nimechelewa miaka miwili."

Walizoea mstari mmoja kwa siku. Wala nisiwafiche, kila mmoja alitaka kwenda. Nje ya chumba kile, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiwaandikia neno.

Lakini huko mtambo uendako, zamu ni moja. Atakayekwenda atapika chai yake, ataandika mstari wake, na kesho yake ataukuta vilevile.

Je, wewe ungempa nani mtambo? Na daftari lile, ungemwachia nani?