Jina la Mtoto wa Stumai

Nisikilizeni kwanza, mtabishana nikimaliza.

Walikuwepo wanawake watatu. Bi Sikudhani alikuwa na kifua chenye joto. Mtoto akilazwa hapo hutulia. Nesi Havijawa alikuwa na vidole vinavyojua utosi ulio mzima na usio mzima. Tausi wa maabara alikuwa mbishi: haamini jambo mpaka alione mara mbili.

Stumai, mke wa mwanawe Bi Sikudhani, akajifungua kabla ya wakati, mtoto njiti, wa kike. Mwenyewe hakuweza kuinuka, hivyo bibi ndiye aliyembeba mjukuu kifuani, ngozi kwa ngozi. Asubuhi moja akasema, "Nesi, huyu hashtuki. Jana nikikohoa alikuwa anaruka."

Nesi mwingine angesema njiti hulala sana. Havijawa akapitisha vidole utosini. Umevimba, umekaza. Akamwita daktari, mtoto akatolewa maji ya uti wa mgongo, akaanzishiwa dawa.

Maji yakafika kwa Tausi. Bakteria walioota walikuwa wa aina ambayo kwa kawaida hutupwa. Huhesabiwa uchafu wa ngozi tu. Tausi akaomba maji mengine. Wakaota walewale. Dawa ikabadilishwa, ikaletwa ya kuwaua hao. Siku chache baadaye bibi akakohoa, mtoto akaruka.

Alipona, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia. Mkono wa kulia ukabaki umekunja ngumi. Unataka kunyooshwa kila siku, pengine kwa miaka.

Ikafika siku ya kumpa jina. Kwao, mtoto hupewa jina la mtu aliye hai, naye huwa somo wake, humlea pamoja na mama mpaka aolewe. Wote watatu wakaja, na kila mmoja akataka jina liwe lake.

"Mimi ndiye niliyegundua kwamba anaumwa," akasema Bi Sikudhani.

Havijawa akacheka. "Kugundua tu, mama? Nisingemgusa ungerudi na kanga tupu."

"Na mlikuwa mnampa dawa isiyomfaa, dada," akasema Tausi.

Bi Sikudhani akamgeukia. "Wewe nyamaza. Ulipokuwa unarudia kipimo chako, mkono ulikuwa unakufa."

"Ningetupa cha kwanza, mama, leo tungekuwa na mtoto wa kugombea?"

Stumai akamfunua mtoto, akaanza kuunyoosha ule mkono, kidole kimoja kimoja. "Jina ni moja," akasema, "na kazi ndiyo hii."

Hakuna aliyerudi nyuma.

Haya, wewe unayesikiliza: ungekuwa Stumai, mtoto ungempa jina la nani?