Hodi ya Zimwi

Sogeeni niwape, nami nilipewa na bibi yangu.

Palikuwa na Bi Mwanashehe, aliyewapokea watoto waliotoroka kwa zimwi. Akaja Mize, mgongo umejaa makovu, hasemi neno. Bibi akamwogesha, akamlisha uji, akamkabidhi komeo la mlango.

"Mjukuu wangu, humu haingii mtu bila kuambiwa karibu. Hodi utaitikia wewe, siyo mimi."

Jioni zimwi likaja na sauti ya mjomba wake Mize.

"Hodi! Mize, nimekuletea kanga." Kimya.

"Hodi! Mama yako analia." Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Bi Mwanashehe alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Mazoea yakamponza, akaitika, "Kari..." Mlango ukafunguka kidogo, ukucha ukapenya.

"Hapana!" Mize akapaza sauti. "Hukaribishwi!"

Jamani! Mbao kavu za mlango zikachipua majani, yakaufunga mlango na kuifunika nyumba nzima. Ukucha ukakatika. Zimwi likazunguka nyumba mara tatu likitafuta mlango, likaona msitu tu, likaondoka na halikurudi tena.

Bibi akapiga magoti mbele ya mtoto. "Nisamehe. Kumbe sauti unayo!"

"Ninayo," akasema Mize. "Na uji umebaki?"

Wakala mpaka chungu kikawa kitupu. Nami hapo ndipo nilipowaacha, wameshiba.