Mji Uliochorwa Mshale Mwekundu

Haya nitakayowaambia sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili. Niliishia darasa la sita, lakini nikishaona kitu hakinitoki. Wenye digrii huandika kila kitu na bado husahau.

Kulikuwa na Mkristo mmoja, fundi redio, mwombaji hasa. Siku serikali ya nchi moja ya Waislamu huko Uarabuni ilipopinduliwa, akafungua daftari jipya. Kila taarifa ya habari ikisomwa, yeye anachora: mnyama mwenye pembe kumi, mfalme wa kaskazini, mfalme wa kusini, na mshale mwekundu juu ya mji mkuu. Tukamkabidhi ibada ya katikati ya wiki. Watu wakajaa mpaka madirishani. Mimi mwenyewe, mchungaji mzima, nilikosa kiti.

Sasa jirani yake alikuwa Mwislamu, muuza mbao. Wiki ile ile, kila baada ya sala ya alasiri, wanaume wenye kanzu wakawa wanaingia kwake, wanaketi mkekani, wanasoma pamoja kwa sauti ya chini. Fundi akasogeza kigoda chake kwenye ua wa michongoma.

"Wanashangilia," akamwambia mkewe. "Mambo yameiva kule, na hawa wana habari."

"Shangwe gani hiyo, baba, isiyo na hata harufu ya kitunguu?"

"Ndiyo ujue kuna siri. Na kuanzia leo usiende kuchota maji kwao."

Miaka kumi na tisa walichota maji kisima kile kile. Sasa ndoo ikawa inapita mlangoni pa watu bila salamu, inaelekea mtaa wa pili. Niambieni, wapendwa, ni nabii gani aliagiza hilo?

Siku ya sita jirani akabisha hodi. Fundi akafungua mlango nusu, akauzuia kwa mguu.

"Samahani kukusumbua, jirani," yule akasema. "Watu wanasema hakuna anayefuatilia habari za kule kama wewe. Binti yangu anasomea uuguzi kule kule, mji mkuu. Leo siku ya sita simu yake haipatikani, tunamsomea dua tu. Hujasikia lolote juu ya wanafunzi?"

Fundi akaleta daftari. Akafunua kurasa arobaini. Pembe zipo, wafalme wapo. Mwanafunzi hata mmoja hayumo. Redio ilikuwa imewataja mara tatu. Yeye alikuwa anachonga penseli.

"Hilo sikuliandika," akasema.

Wakiwa bado wamesimama pale, simu ya jirani ikalia. Ni binti. Amefika mpakani, mzima.

Nawasikia mnasema amina. Ngojeni kwanza.

Mimi na unabii hatuna ugomvi, yaliyoandikwa yatatimia. Lakini sisi tunajua mji gani utaanguka, hatujui mtoto wa nani amelala ndani yake. Tunamchungulia mtu anayelia, tunasema anapanga njama. Akija mtu na ramani ya siku za mwisho, muulizeni kwanza jina la mtoto wa jirani yake. Niulizeni hata mimi niliyempa mimbari.

Nilisema nimeyaona yote, na ni kweli. Ila kitu kimoja nimekitunga: ile simu kulia. Haijalia. Mzee yule yuko mkekani mpaka leo, nyumba ya tatu kutoka ukuta huu wa kanisa, na alasiri haiko mbali.