Lami ya Paa la Zahanati

Pipa la lami ya kuziba paa la zahanati lilipoibiwa, tajiri Kasubi aliapa kwamba hajui lolote. Kesho yake alimpelekea Nyamizi, mwosha magari, gari lake jeupe lililojaa madoa ya lami.

"Yatoe, na ole wako uikwaruze rangi."

Nyamizi alishika chupa mbili. "Hii ya lami ya barabara, hii ya lami ya paa. Nikikosea, rangi yote inabanduka. Nitumie ipi, bosi?"

Kasubi alinong'ona, "Ya paa."

"Sijasikia, bosi."

"Ya paa, nimesema," alifoka.

Mwenyekiti wa zahanati, aliyekuwa akisubiri gari lake, aliinuka kitini. Nyamizi akamimina chupa zote mbili kwenye kitambaa kimoja. Zote zilikuwa mafuta ya kupikia.