Bi Digidigi na Mbio za Nyua Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na vitanda kama sisi, palikuwa na mbio za kuvuka nyua saba za miiba. Mbio zile zilipendwa, weee! Mzee Kobe aliondoka kwake siku nne kabla, asije akazikosa.

"Zina nini hata uhangaike hivyo kila mwaka?" mkewe alimuuliza.

"Mke wangu, hakuna ajuaye nani atafika ua wa saba akiwa bado amesimama!"

Nyumba ya mshindi ilipewa haki ya kuteka maji ya kwanza kisimani kiangazi kizima. Wa mwisho walikomba tope. Bi Digidigi, mdogo kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa mwisho kisimani siku zote, na tope lile lilikuwa limemdhoofisha mwanawe tumbo. Mwaka ule alisema moyoni, "Basi! Imetosha." Akaenda kusimama mstarini.

"Mama, umepotea?" Pundamilia alimuuliza. "Jikoni ni kule."

"Sijapotea, baba. Nimekuja kukimbia."

Kongoni alicheka hadi akakaa chini. Bi Digidigi akamgeukia mwamuzi, Mzee Korongo. "Mzee, ni lazima turuke?"

"Ruka, penya, shauri yako. Usizunguke tu."

Ngoma ikalia, ti!

Pundamilia na Kongoni waliruka ua wa kwanza, vuu! Bi Digidigi akajipenyeza chini, miiba ikimchana mgongo. Wa pili, vilevile. Kufika wa tatu, wakubwa walikuwa mbali, naye kifua kinamwaka moto. Hakusimama.

Baada ya ua wa nne palikuwa na handaki la maji. Chubwi! Wakubwa wote wawili wakatumbukia. Walipokuwa wakijikongoja kutoka, Bi Digidigi, aliyepita juu ya gogo, akawafikia.

"Kaka Pundamilia! Huko nyuma wanasema Kongoni anaruka juu kuliko wewe!"

"Kuliko nani? Mimi?"

Ua wa tano Pundamilia aliruka kama anayetaka kugusa mawingu.

"Ala! Shemeji Kongoni, umekubali hayo?"

Ua wa sita Kongoni akapaa juu zaidi, akatua puu! Walipofika ua wa saba walikuwa hoi, ila midomo haikuchoka.

"Mimi ndiye niliyeruka juu!"

"Wewe? Kwato zako zimeparaza miiba!"

"Jamani, msigombane," alisema Bi Digidigi, damu ikimtiririka ubavuni. "Rudini nyuma mchukue mbio, mruke pamoja. Mimi nitasimama upande wa pili niamue."

"Haya! Lakini utazame vizuri!"

Wakarudi nyuma, hatua baada ya hatua, kila mmoja akitaka kuanzia mbali zaidi. Bi Digidigi akapenya, chaka-chaka-chaka, akatokea upande wa pili. Hakutazama nyuma. Alikimbia kwa miguu inayouma, akakimbia, mpaka akavuka mstari wa mwisho na kuanguka kifudifudi.

Ndipo wale wawili wakaruka pamoja, vuuu! Wakatua wakipiga kelele, "Nani? Nani ameshinda?"

"Bi Digidigi!" umati ukajibu kwa sauti moja, na Mzee Kobe akapiga kelele kuwashinda wote.

Wanangu, anayekimbilia sifa humwachia mwenziwe ushindi.